Vilima Vitano na Jogoo wa Zubeda

Hakuna mtu Kisarawe nzima anayevijua vilima vyetu kunishinda mimi. Nifungeni kitambaa machoni, nitawatoa kilima hadi kilima na kuwarudisha nyumbani chai haijapoa. Haya, tuseme kweli: nimepotea huko mara mbili, na mara moja nilikuwa natoka chooni tu. Lakini habari hii si yangu. Ni ya Biubwa na Kondo, mtoto wa kaka yake, siku waliyotoka kuzunguka vilima vitano kwa jua moja, wakamezwa na korongo kabla ya kufika cha tano.

Mtu wa Moshi akiviona vilima vyetu atauliza milima yenyewe iko wapi. Aulize. Yeye mlima wake anaupanda mara moja katika maisha, anashuka na hadithi ya kuwasimulia wajukuu. Sisi tunapanda na kushuka, tunapanda na kushuka, na tukifika nyumbani tunakuta maji hayajachotwa.

Ilikuwa mwaka wa pili baada ya Azimio la Arusha, masika imeshika. Kesho yake Mboni, mtoto wa kaka mkubwa wa Kondo, alikuwa anaolewa. Sasa kwetu jamaa haalikwi harusi kwa barua. Anaalikwa kwa miguu. Mtu wa nyumba yenu anafika, anakaa, anakunywa maji, ndipo anasema alichojia. Na jamaa wote wanaambiwa siku moja, asije mmoja akasema mwenzake alijua kabla yake. Ukifika siku ya pili umempasha habari tu, hukumwalika.

Mwaliko wa kilima cha tano ndio uliokuwa mzito. Pale alikaa Mwinyimadi, mjomba wake Mboni. Alipoolewa dada yake Mboni, mjomba huyu alialikwa na kondakta wa basi, aliyempigia kelele dirishani wakati yeye anauza mananasi barabarani, na basi lenyewe halikusimama. Mwinyimadi akaapa. Alisema hatanyanyua unyayo kwa ajili ya watu wale mpaka mmoja wao anyanyue wake, aje mpaka kitandani kwake. Na bibi yake Mboni naye akaapa lake: harusi hii mjomba asipokuwepo, shehe arudi kwake, bwana harusi arudi kwake, pilau wale majirani.

Kwa hiyo asubuhi ile Biubwa alijifunga kanga kifuani, akachukua pakacha na kibuyu cha maji. Kondo alivaa buti. Alikuwa ametoka Ruvu, Jeshi la Kujenga Taifa, na alirudi na vitu vitatu: buti, saa ya mkono, na maneno mengi.

"Tunaanza na kilima cha karibu," alisema Kondo.

"Tunaanza na mjomba," alisema Biubwa.

"Shangazi, kilima hakina heshima. Kina umbali."

"Kilima hakina. Aliyekaa juu yake anayo."

Wakaanza na cha karibu, kwa sababu mwenye buti alishatangulia.

Asubuhi ilikwenda vizuri mno. Kilima cha kwanza, mzee Salehe aliwapa nazi mbili. Cha pili, Mwanamvua aliwapa muhogo, akawazuia wale mwingine pale pale. Cha tatu, Zubeda alishika jogoo wake wa kishingo, yule asiye na unyoya hata mmoja kuanzia kidevuni mpaka mabegani, akamfunga miguu na kumtia kwenye pakacha.

"Mpelekee bibi harusi," alisema Zubeda.

"Huyu jogoo au adhabu?" aliuliza Kondo.

"Uzuri wake uko mchuzini, baba."

Jogoo akatoa shingo yake nyekundu nje ya pakacha na kuwika, na tangu hapo hakunyamaza. Cha nne alikaa mzee Twalibu, ambaye masikio yalishachoka. Waliambiwa wakae, wakakaa, wakanywa maji, wakasema harusi ni kesho. Mzee Twalibu akawapa pole ya msiba. Wakarudia. Akauliza maiti anazikwa wapi. Walipomaliza kumwelewesha kwamba hakuna aliyekufa, alasiri ilikuwa imeingia na upande wa Pugu wingu lilikuwa limekaa chini kabisa, jeusi, kama sufuria iliyofunikwa.

Kutoka kilima cha nne kwenda cha tano njia ni mbili. Moja inazunguka mgongoni mwa vilima, ndefu lakini ya kibinadamu. Ya pili inateremka korongoni, inapita msituni, inapanda upande wa pili.

"Korongoni ni karibu," alisema Biubwa. "Nilipita hapa msichana, na mtungi kichwani."

"Askari hupita mkato," alisema Kondo.

Ilikuwa mara ya kwanza siku nzima kukubaliana, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Mvua iliwakuta katikati ya mteremko. Haikuanza kwa matone. Ilishuka yote pamoja. Korongo lile lina udongo mweupe, ule unaofanana na unga uliokandwa, na hakuna kwingine kote njiani utakapoukuta. Ukiwa mkavu unaukanyaga bila wasiwasi. Ukilowa, hata mbuzi anafikiri mara mbili. Kondo hakufikiri hata mara moja. Buti zilikimbia mbele, yeye akabaki nyuma, akateremka kwa makalio akivunja vijiti mpaka chini, na kibuyu cha maji alichopokea kwa shangazi yake kikapasukia kwenye jiwe.

Biubwa alishuka akishika mizizi, mzizi hadi mzizi, pakacha limening'inia begani, jogoo kichwa chini akilalamika.

"Umevunjika?"

"Kifundo cha mguu. Sijui."

"Kanyaga."

Alikanyaga, akapiga kelele, akakaa. Kifundo kilikuwa kinaumuka kama andazi. Biubwa akamvua buti, akachana pindo la kanga yake, akafunga mara tatu, akakaza kwa meno. Kondo alilia kimya kimya, akasema ni mvua.

Maji yalianza kupita chini ya korongo, kwanza kama kamba nyeupe, halafu yakafika miguuni. Walisogea juu, Kondo akitambaa, shangazi akimvuta kwa mshipi, mpaka kwenye mti mkubwa ambao mizizi yake imeinuka ukutani mwa korongo kama mbavu. Wakaingia kati ya mbavu hizo. Mvua ikapungua. Wakashukuru. Ndipo siafu, waliofukuzwa na maji yale yale, nao wakaja kutafuta nafasi pale pale.

Sitaeleza siafu walifika wapi. Inatosha kusema kwamba askari wa Ruvu na mwanamke wa miaka sitini walivuana nguo kwa haraka bila kuoneana haya, kisha wakatafuta mti mwingine.

Mvua ilipokatika, ukungu ukashuka. Si ule wa asubuhi unaoondoka ukiupungia mkono. Ulikuwa mzito, mweupe kama udongo wenyewe, na miti ikapotea mmoja baada ya mwingine mpaka ukabaki ule waliouegemea. Kila kitu kikatulia, hata jogoo. Matone tu, na mbega mmoja akikohoa mahali fulani juu.

Kondo aliinua saa yake. Jeshini alifundishwa kutafuta upande kwa saa na jua.

"Jua liko wapi?" aliuliza.

"Mimi ndiye niliyelificha?"

Treni ikapiga honi mbali, Pugu. Kondo akanyoosha mkono kushoto. "Reli iko kule. Basi kilima cha tano ni huku." Ikapiga tena, na safari hii ilitoka kulia. Mkono wa Kondo ukashuka wenyewe.

"Na wewe, shangazi? Si ulipita hapa?"

Biubwa aliangalia huku, akaangalia kule. "Nilipita," alisema. "Lakini miti ilikuwa midogo."

Kiu ilikuwa imewashika. Mvua yote ile na wao hawana maji. Biubwa akakunja jani pana la mgomba-mwitu, akalisogeza penye ncha ya jani lingine lililokuwa linadondosha, akangoja. Tone, tone, tone. Likijaa kidogo anampa Kondo, kisha anaanza lake. Hivyo hivyo, bila haraka, kama mtu anayekama mbuzi. Kondo aliangalia mikono ile.

"Giza likituingilia hapa," alisema mwishowe, "mjomba hatukumwalika."

"Najua."

"Na mjomba asipoalikwa..."

"Najua, Kondo. Mboni ameshapakwa hina." Akafuta udongo usoni kwa kiganja. "Piga kelele."

Kondo alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Ukungu uliifyonza yote. Biubwa naye akapiga kigelegele, kimoja kirefu, kikafia hapo hapo. Ndipo jogoo wa Zubeda, ambaye siku nzima hakuna aliyemwomba, akanyoosha shingo lake baya na kuwika. Sauti yake ilikuwa nyembamba, kali, ikapenya. Akawika tena. Jogoo anawika korongoni ambako haishi mtu, jioni, katikati ya ukungu: mwenye masikio alisikia na akashangaa.

Wakangoja.

Kisha, juu, upande ambao hakuna kati yao aliyeuonyesha, debe likalia. *Ko, ko-ko, ko.*

"Mtu anafukuza nguruwe shambani!" alisema Kondo.

Biubwa aliinamisha kichwa, akasikiliza. Midomo yake ikaanza kucheza. "Nani anafukuza nguruwe kwa mdundiko?"

Ilikuwa kweli. Aliyepiga debe lile alikuwa anapiga ngoma ya kumtoa mwali nje, na mkono wake haukukosea.

Waliifuata. Kondo alikata fimbo, akashika ncha ya kanga ya shangazi yake kwa mkono mwingine, akaenda nyuma, yeye aliyetoka asubuhi mbele. Walipanda kwa magoti palipokuwa na utelezi. Walipokaribia debe, debe lilinyamaza, likaja kulia mbele zaidi, juu zaidi. Wakipotea kidogo, linangoja. Jogoo akiwika, linajibu. Lakini mtu hawakumwona hata kivuli.

"We bwana!" aliita Kondo. "Tusubiri!"

Debe likakimbia.

Walitokea kwenye shamba la mananasi. Ukungu ulibaki chini yao, umejaza makorongo yote, na vilima vinne walivyovipita vilikuwa vimechomoza vichwa tu. Mwanga ulikuwa mdogo lakini ulikuwepo. Mbele yao nyumba ya Mwinyimadi, mlango umeegeshwa, kibatari kinawaka ndani. Chini ya upenu, debe tupu la mafuta ya taa limelala kifudifudi.

"Hodi!"

Kitanda kililia.

"Hodi wenyewe!"

"Nani huyo?" Sauti ilikuwa ya mgonjwa mahututi.

Waliingia. Mwinyimadi alikuwa kitandani, blanketi mpaka kidevuni, kofia kichwani, macho juu.

"Shikamoo, mjomba," alisema Kondo.

"Marahaba. Mtanisamehe sikuamka. Mguu huu. Tangu asubuhi sijashusha unyayo chini."

"Pole sana," alisema Biubwa. "Na pumzi mbona inakwenda mbio?"

"Ndio ugonjwa wenyewe."

Wakakaa. Wakanywa maji ya mtungini, na Kondo akanywa kata nne. Kisha Biubwa akaweka mikono mapajani.

"Mwinyimadi. Kesho baada ya adhuhuri tunamwoza Mboni. Mjomba wake ni wewe. Tumenyanyua nyayo zetu, tumekuja mpaka kitandani kwako, kama ulivyotaka."

Mwinyimadi alitafuna maneno yale polepole.

"Mimi ni wa ngapi?"

Kondo akaangalia makuti.

"Wa kwanza," alisema Biubwa, bila hata kupepesa jicho.

"Wa kwanza?"

"Tungeanza na nani mwingine, mjomba mtu?"

Mwinyimadi akaonyesha pakacha kwa kidevu. Shingo nyekundu ilikuwa imechomoza, inamtazama. "Na huyo?"

"Jogoo."

"Naona ni jogoo. Jogoo wa namna hiyo vilima hivi vyote yuko mmoja, na mwenyewe ni Zubeda, kilima cha tatu. Nazi hizo ni za Salehe. Muhogo ni wa Mwanamvua, hakuna mwingine anayeukata hivyo. Biubwa! Umenifanya wa mwisho, halafu unanidanganya ndani ya nyumba yangu. Na jogoo mwenyewe hana siri, amewika kule korongoni mpaka..."

Tone likaanguka kutoka kwenye makuti.

"Korongo gani?" aliuliza Biubwa taratibu.

"Nasema tu. Majogoo huwika."

"Na debe?"

"Debe gani tena? Watu wanafukuza nguruwe."

"Pole, mgonjwa wetu." Biubwa akasimama, akasogea upande wa miguuni. "Ngoja nikufunike vizuri, usije ukapata baridi."

"Niko sawa!"

Lakini blanketi lilikuwa limeshapanda magotini. Miguu yote miwili, ule mzima na ule mgonjwa, ilikuwa myeupe kuanzia vidoleni, na udongo ulikuwa bado mbichi, unachuruzika kwenye kamba za kitanda. Kondo akaitazama. Akatazama miguu yake. Akatazama ya shangazi. Sita, na yote imetoka korongo moja.

"Unga," alisema Mwinyimadi. "Wa muhogo. Nilikuwa nasonga ugali."

"Kwa miguu?"

Mwinyimadi alivuta blanketi, halikuja. Akavuta tena. Akageukia ukutani.

"Kesho," aliuambia ukuta, "natangulia mimi."

"Tangulia," alisema Biubwa. "Debe unalo."