Nyangi Aliyesema Haumii

Kila Jumatatu na Alhamisi, Nyangi na bibi yake, Kezia, walipanda bodaboda kutoka Nyarero kwenda hospitali mjini Tarime. Nyangi alikuwa ameungua mkono wa kulia kwa uji wa moto. Kabla ya hapo, siku hizo zilikuwa za mazoezi ya netiboli, na mfungaji wa shule alikuwa nani kama si yeye!

"Shikamoo, Bibi. Nyangi, mkono unauma?" nesi Agustina aliuliza.

"Siumii," Nyangi alijibu huku ameuma meno.

Mtoto wa Kikurya alie mbele za watu? Thubutu! Hivyo ndivyo alivyolelewa. Lakini bandeji ikiguswa tu, aliuvuta mkono, na nesi akashindwa kusafisha katikati ya vidole.

Siku hiyo Agustina alikunja uso. "Vidole vimeanza kushikana. Nisiposafisha vizuri, mpira hutaudaka tena. Kila siku nakuletea miwani hii, inayokuonyesha mchezo wa video kama uko ndani yake, ikusahaulishe maumivu, nawe unaikataa."

"Ni ya waoga," Nyangi alinong'ona.

Bibi Kezia aliichukua, akaivaa. "Mama yangu!" alipiga kelele, akipunga mikono kukwepa mipira aliyoiona ikimjia usoni. Wodi nzima iliangua kicheko.

Alipoivua hakucheka. "Mimi nilikufundisha usilie. Sikukufundisha kumdanganya anayekutibu. Unaumia, huumii?"

Machozi yalimlengalenga Nyangi. Aliona aibu, lakini aliutaka mkono wake zaidi.

"Naumia, nesi. Naumia sana!"

Agustina alimwongezea dawa ya maumivu. Ilipoanza kufanya kazi, akamvisha miwani. Loo! Nyangi alijikuta angani, mipira ikimjia kulia na kushoto, naye akigeuza kichwa kuilenga. Maumivu hayakuisha yote. Aliyasikia kwa mbali, akakaza macho kwenye mchezo, na mkono ukatulia. Nesi alisafisha kidole kimoja kimoja.

Waliendelea hivyo mpaka kidonda kikapona. Siku ya mwisho, Nyangi alifungua kiganja na vidole vyote vikaachana.

"Mgonjwa jasiri husema ukweli," Agustina alimwambia. "Siku uliyokiri unaumia ndiyo siku niliyoweza kukutibu sawasawa."

Bibi Kezia alikohoa kidogo, akavuta kiti.

"Basi, nesi, na mimi nitazame goti hili. Linaniuma tangu mwaka juzi."