Kisu Kilichojikunja

Kila siku akitoka shuleni, wajukuu zangu, Kavinya hakuketi kwanza. Alivua sare, akaitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, akajifunga leso kiunoni na kutoka uani kumsaidia baba yake. Uani humo, nyuma ya nyumba za kupanga za mtaa wa Lucky Summer, Maingi alikuwa amejenga kibanda cha mabati. Humo ndimo alimochonga twiga, vifaru na ndovu wa kuuzwa mjini. Vumbi la mti lilitua kila mahali: kwenye nyusi zake, kwenye kamba ya nguo, hata ndani ya sufuria ya chai ikiwa mtu amesahau kuifunika.

Asiyejua atadhani kuchonga ni kupiga tezo tu. Tezo hutoa umbo, basi. Macho, masikio na kwato vinataka kisu kidogo na mkono uliotulia. Unakamata mpini kwa vidole vinne, unaweka dole gumba juu ya mgongo wa kisu, kisha unasukuma polepole, na mti unatoka vipande vyembamba kama maganda ya kitunguu. Kavinya alikuwa na miaka kumi na mitatu, na mkono huo alikuwa nao. Twiga aliyetiwa macho na Kavinya alionekana kama anakusikiliza.

Kisu alichotumia alipewa na mjomba wake, Ndete, dereva wa kampuni moja kule mtaa wa Fedha. Mjomba naye alipewa zawadi na mgeni aliyemwendesha, akaona ni kidogo mno kwa vidole vyake vinene. Kilikuwa kisu cha kukunja, kikikunjwa kirefu kama kidole cha shahada, na mpini wake wa kijivu ulikuwa wa titaniamu, metali nyepesi isiyoshika kutu.

"Kate, hebu shika," Kavinya alimwambia rafiki yake siku moja. "Unasikia uzito?"

"Uzito gani? Ni kama biskuti!"

"Ndiyo hivyo. Visu vya Baba asubuhi vinauma vidole kwa baridi. Hiki ukikishika kidogo tu kinapata joto lako. Nilikiacha kwenye maganda ya ndimu hadi asubuhi, na mpini haukushika hata doa."

"Yaani hakina ubaya wowote?"

Kavinya alifikiri, kwa maana alikuwa mkweli juu ya vitu vyake. "Kikilowa kinateleza. Tena hakina kufuli. Ukikifungua, ni springi tu inayokishikilia. Lakini kwenye mti hakijawahi kunisumbua."

Maingi alimruhusu akitumie, kwa sharti moja. "Kisu cha kazi hakivuki mlango wa ua," alisema. "Kikivuka, si cha kazi tena."

Sasa, kwenye njia ya shuleni, palepale ukuta wa kiwanda ulipokutana na mtaro wa maji machafu, palikuwa na kijana aitwaye Mutunga. Alikuwa wa Gredi ya Tisa, mabega mapana, na mkononi alizungusha kipande cha waya wa stima kilichosukwa kama mjeledi. Kazi yake ilikuwa kuwangoja watoto wadogo pale penye kona na kuwakimbiza. Aliyejikwaa alichapwa. Aliyelia alichapwa zaidi.

Kiema, mdogo wake Kavinya, alikuwa na miaka tisa na mguu mmoja mzito kidogo. Yeye alijikwaa kila mara.

Jumatano moja Kiema alifika nyumbani akiwa ameziba sikio kwa kiganja. Kavinya aliutoa ule mkono. Sikio lilikuwa limepasuka juu, damu imekauka hadi kwenye kola ya shati.

"Ni Mutunga?"

"Usimwambie Baba," Kiema alinong'ona. "Amesema nikisema atanisukuma kwenye mtaro."

Kavinya alimwosha kwa maji ya chumvi, naye Kiema aliuma leso asipige kelele. Baba alipouliza, wote wawili walisema ni mlango. Kesho yake asubuhi, kabla ya Maingi kufungua kibanda, Kavinya alikitia kile kisu kwenye mfuko wa sketi, akavuka nacho mlango wa ua.

Jioni walipofika penye kona, Mutunga alikuwa ameegemea ukuta.

"Niaje, twiga?" alimwita Kiema. "Leo mbona umekuja na yaya?"

"Mwache apite," Kavinya alisema.

"Ama nini? Utanichonga masikio?" Akacheka, na waya ukalia hewani, ukamnasa Kiema shingoni. Kiema akaanguka kifudifudi. Mutunga akamkanyaga mgongoni. "Amka, twiga! Kimbia!"

Kavinya alimrukia. Alimkwaruza shavu, akamng'ata mkono hadi akaonja chumvi ya damu. Mutunga alimpiga kofi lililomfanya aone giza, akamsukuma ukutani, kichwa kikagonga tofali. Hapo hasira ilimpanda Kavinya. Mkono ukaingia mfukoni, kisu kikafunguka.

Mikono ina mazoea yake, wajukuu zangu. Kavinya hakuwa amewahi kushika kisu ila mbele ya mti. Kwa hiyo alikishika alivyozoea: vidole vinne kwenye mpini, dole gumba mgongoni. Akasukuma kwa nguvu zake zote kumwelekea Mutunga.

Mutunga akaruka pembeni.

Mbele ya mti, dole gumba likisukuma, mti nao hukizuia kisu kisijikunje. Pale mbele hapakuwa na mti. Palikuwa na hewa tu. Kisu kikajikunja kwa nguvu zake mwenyewe, makali yakafunga juu ya vidole vyake vinne kama mlango unaopigwa na upepo.

Kavinya alisikia kitu kikigusa mfupa. Kisu kilianguka. Damu ilitoka kwa kuruka, ikamwagikia viatu vya Mutunga.

"Heh!" Mutunga alisema. Akainama, akakiokota kile kisu, akabaki amekishika. "Wewe... umejifanya nini?"

Kiema aliinua uso kutoka mavumbini, akaona damu ya dada yake, akaona kisu mkononi mwa Mutunga. Akapiga ukelele uliosikika hadi kwenye vibanda vya sokoni. "Amemkata! Mutunga amemkata Kavinya!"

Watu wa mtaa wetu wakisikia mtoto akilia hivyo hawaulizi mara mbili. Waendeshaji wa bodaboda waliacha pikipiki zao. Fundi viatu alikuja na nyundo. Mwanamume mmoja alichomoa ubao kwenye ua wa jirani, misumari ikiwa bado imo. Mutunga alijaribu kukimbia, akapigwa mtama, akalala chali.

"Mnawadunga watoto wa wenyewe, eeh?"

"Leo utajua!"

Wa kwanza kumfikia Kavinya alikuwa Nakhumicha, mama mboga wa pale sokoni. Alimkalisha chini, akararua kipande cha leso yake, akaufunga ule mkono na kuubana kwa mikono yake miwili.

"Nani amekukata, mwanangu?" aliuliza. "Ni huyo?"

Kavinya alitazama. Katikati ya miguu ya watu aliona uso wa Mutunga, na Mutunga alikuwa anamtazama yeye. "Kavinya, waambie!" alilia. "Waambie!"

Neno lilikuwa pale, mdomoni. Lakini alilikumbuka sikio la Kiema. Alimkumbuka Kiema akiuma leso. Akajiambia, acha naye aonje. Akanyamaza.

Nakhumicha alikichukua kimya kile kuwa ndiyo. Na watu nao vilevile.

Jiwe la kwanza lilimpata Mutunga mdomoni, likatoka na jino. Mateke yalimwangukia mbavuni kama mtu anayepura maharagwe. Aliinua mkono wa kulia kujikinga, ubao ukashuka, na Kavinya akasikia mfupa ukivunjika. Ulitoa sauti kama ya tawi la mti mkavu. Mutunga hakulia tena kwa maneno. Alitoa mlio mwembamba tu, kama wa mbuzi.

"Lete tairi tumchome!" mtu alipaza sauti kutoka nyuma. "Tairi liko pale gereji!"

Waya wa Mutunga ulikuwa umelala mtaroni. Hapakuwa na mtu aliyemwogopa tena. Hapo Kavinya alimwona jinsi alivyokuwa: mtoto wa shule, sare imeraruka, kiatu kimoja kimetoka.

Akasimama. Nakhumicha alijaribu kumvuta, akaponyoka.

"Si yeye!" alipiga kelele. "Kisu ni changu! Nimejikata mwenyewe!"

"Anaogopa huyu," mwanamume mmoja alisema. "Mtoto akitishwa husema hivyo."

Akajipenyeza katikati ya miguu, akajitupa juu ya Mutunga. Teke lililomlenga Mutunga lilimpata yeye mgongoni, pumzi ikamkatika. Mwingine alimkamata begani amwondoe. Hakuachia.

"Simameni!" Ilikuwa sauti ya Nakhumicha, na sauti ile ilizoea kuita wateja kutoka ng'ambo ya barabara. "Mnampiga nani sasa? Huyo si ndiye mliyekuja kumwokoa? Mpeni nafasi aseme!"

Fundi viatu ndiye aliyekuwa na kisu, alichomnyang'anya Mutunga. Kavinya alinyoosha mkono wa kushoto, ule mzima. "Nipe nikuonyeshe."

"Usimpe!"

"Mpe!" Nakhumicha alisema. "Mpe, mimi nimesimama hapa."

Kavinya alikifungua kwa meno. Mpini ulikuwa umelowa damu, unateleza. "Kisu hiki ni cha kuchonga," alisema. "Mimi ni binti ya Maingi, yule mchongaji. Nilikitoa nimchome Mutunga. Nilikishika hivi." Akakamata ncha ya mpini kwa vidole viwili, akaweka dole gumba mgongoni mwa kisu, akasukuma. Kisu kikajikunja mbele ya macho yao. Kisha akafungua leso, akaonyesha jeraha: mstari mmoja ulionyooka, umevipita vidole vyote vinne.

Yule mwenye ubao aliutazama ubao wake kama kitu alichokiokota kwa bahati mbaya. Akauegemeza ukutani. Kisha watu walianza kuondoka, mmoja hapa, mmoja pale, kama watu waliokuwa wakipita njia tu. Pikipiki ziliwaka. Waliobaki ni Nakhumicha, fundi viatu, na watoto watatu wenye damu.

Zahanati iliwapokea wote wawili jioni ileile. Kavinya alishonwa vidole, na daktari alisema kidole cha kati huenda kisikunjike vizuri tena. Mutunga alifungwa plasta mkono mzima, na mbavu zake zikafungwa bandeji. Maingi alifika na vumbi la mti kichwani. Alisikiliza kila kitu, tangu mlango wa uongo uliompasua Kiema sikio hadi lile tairi. Hakugomba. Alisema tu, "Jumamosi tutakwenda kwao."

Jumamosi walikwenda, Maingi, Kavinya na Kiema. Mama yake Mutunga aliwafungulia bila kusema karibu. Mutunga alikuwa amelala kwenye kochi, jicho moja limefumba, mdomo umevimba. Maingi alimwambia binti yake, "Haya."

"Nimekuja kuomba msamaha," Kavinya alisema. "Nilikutolea kisu."

Mutunga alimtazama kwa jicho lile zima. Alizungumza taratibu kwa sababu ya lile jino. "Kisu hakikunigusa. Lakini yule mama mboga alikuuliza. Nilikuwa nakuangalia. Mbona ulinyamaza?"

Kavinya angeweza kusema aliogopa, au alikuwa na maumivu, na kila mtu angeamini.

"Nilitaka wakupige," alisema.

Mama yake Mutunga alishika mdomo. Machozi yalimtoka, lakini alipoongea alimgeukia mwanawe. "Na wewe? Ulimfanya nini mtoto huyu hata atake hivyo?"

Mutunga aligeuza uso ukutani. "Nilimchapa mdogo wake kwa waya," alisema hatimaye. "Na wengine pia. Wengi." Akamtafuta Kiema kwa jicho lake zima. "Sikio bado linauma?"

"Linauma," Kiema alijibu.

"Pole. Sitakugusa tena."

Wazazi walikubaliana hapohapo kwamba Jumatatu wote wangekwenda kwa mwalimu mkuu, kila mtoto aseme yake kwa mdomo wake. Na walikwenda. Kavinya na Mutunga waliadhibiwa wote wawili, na tangu siku hiyo mwalimu wa zamu husimama pale penye kona jioni mpaka mtoto wa mwisho apite.

Lakini siku ile ya Jumamosi, wakirudi nyumbani, Maingi aliwasimamisha watoto wake kando ya barabara.

"Kiema, ukipigwa sema. Anayekuambia usiseme ndiye anayeogopa. Na wewe, Kavinya, kubeba kisu lilikuwa kosa, na umelilipa kwa vidole vyako. Vidole vimeshonwa, vitapona. Lakini mkono wa yule kijana haukuvunjwa na kisu. Ulivunjika wakati ule ulipokuwa umeulizwa, unajua jibu, umenyamaza. Ukiujua ukweli, useme saa ileile unapoulizwa, hata kama unamwokoa mtu usiyempenda. Ukiuchelewesha, utafika na kumkuta mtu ameshaumia."

"Na kama ningechelewa zaidi kidogo, Baba?" Kavinya aliuliza.

Maingi aliushika ule mkono wenye bandeji, wakavuka barabara.