Babu Asiyetajwa

Tangu fundi saa alipotamka jina la babu yake pale mezani, kulikuwa na mtu akikohoa chumba cha pili, na chumba cha pili hakikuwa na mtu.

Ukoo wao ulikuwa na ada moja: wakihesabu wazee waliotangulia, wakifika kwa babu huyo hunyamaza, kisha huendelea na baba yake. Fundi aliona ni upuuzi. Binti yake alikuwa anakwisha kwa maradhi ya damu, daktari anataka uboho wa ndugu, na ndugu wote waliojulikana walipimwa wakakataliwa. Mfa maji haachi kutapatapa. Akaenda kwenye nyaraka za zamani, akapekua vizazi hadi akalipata jina. Kwenye orodha ya vifo babu hakuwamo. Akatema mate kichupani, maabara wamtafutie watu wa damu ile.

"Umelitaja kwa sauti?" dada yake alinong'ona.

"Nililisoma tu."

"Kaka, babu hakufa. Baba alisema jini lilimwingia likakataa kutoka, wakatoweka pamoja. Akiitwa, anakuja."

Wiki ile nyumba ilinuka udongo mbichi mchana kweupe. Kisha maabara wakapiga simu: amepatikana mzee mmoja, damu inaoana kabisa, na amekuja mwenyewe.

Fundi alijua. Msimtetee, alijua. Alikaa kwenye benchi la hospitali, harufu ya udongo imemfuata hadi pale, akamwona mzee akipita na uso uleule anaouona yeye kwenye kioo kila asubuhi, miguu haitoi sauti, wauguzi wakimpisha bila kujua kwa nini, na bado, alipoletewa karatasi ya ridhaa, akatia sahihi.

Mtoto alipona. Shangazi mtu akamleta mganga; mganga akasimama mlangoni, akakataa kuingia.

"Kumtoa naweza," alisema taratibu. "Ila atatoka na damu yake. Chagueni."

Fundi alichungulia uani. Binti alikuwa anaruka kamba, mashavu yamejaa, anacheka. Akalia kwa furaha na kwa woga, vyote pamoja.

"Nenda zako, mganga."

Binti akaacha kamba. Akaingia, akaketi kwenye kiti cha baba yake, akamtazama kama mtu anayesubiri haki yake.

Fundi alielewa. Akainamisha kichwa.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu," mtoto akajibu, kwa sauti nzito ya kizee.