Washirika wa Kuazima

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Nashilu alimswaga punda hadi kisimani, akajaza madumu manne na kurudi nyumbani kumpelekea bibi yake maji ya kunawa. Bibi Noonkipa alinawa huku akilalamika. Leo maji ni ya baridi, kesho yana matope, keshokutwa punda ameyanusa. Nashilu alisikiliza yote kwa adabu, kisha akakimbilia shule, darasa la sita, akiwa na vumbi hadi magotini.

Ilikuwa miaka ile mitumba ilipojaa minadani, hata wafugaji wa Handeni wakavaa fulana zenye picha za miji wasiyoijua. Mwaka huo mvua iligoma. Wafugaji wa Kimaasai wa kijiji cha Kwemgunga waliondoka na ng'ombe wao kufuata majani kando ya Mto Pangani. Baba yake Nashilu, Mchungaji Loserian, aliyeanzisha kanisa kati ya wafugaji wenzake, aliondoka nao pamoja na mkewe. Nashilu alibaki kwa ajili ya shule, na bibi alibaki kwa ajili ya magoti yake. Kanisa lenyewe, kibanda cha miti na nyasi chenye magogo ya kukalia, lilibakiwa na kuku wawili.

Siku ya Ijumaa utingo wa basi la Korogwe alileta barua. Bibi hakujua kusoma, kwa hiyo barua zote za baba alizisoma Nashilu kwa sauti. Hii ilisema: "Mchungaji Loserian, Jumapili hii nitakuja kuliona kanisa lako. Baadhi ya wazee wetu hapa Korogwe wanasema kanisa hilo lipo kwenye karatasi tu. Wanataka tukuondoe, tumlete mwinjilisti wa mjini mwenye cheti. Nataka nione kwa macho yangu. Ni mimi, Mchungaji Habakuki."

Moyo wa Nashilu ulishtuka. Baba yake aondolewe? Huyo wa mjini angezungumza na bibi kwa lugha gani? Angejua ng'ombe mgonjwa na mzima? Badala ya kumwomba mtu mzima ushauri, akapata akili yake mwenyewe. Ndiyo iliyomponza.

Jumamosi aliwakusanya wanafunzi wenzake ishirini na wawili, watoto wa Kizigua wa pale kijijini.

"Kesho mtakuwa kanisa," aliwaambia. "Mtavaa shuka, mtaimba, basi."

"Tunapata nini?" aliuliza Hiza, aliyekuwa mrefu kuliko mwalimu.

"Mtapanda gari la wageni."

Hapo hakuna aliyeuliza tena. Tatizo lilikuwa shuka. Bibi alikuwa na saba tu. Waliobaki walileta vitambaa vya meza, khanga za mama zao na mashuka ya kitandani. Muhidini alikuja na pazia la mama yake, Mama Faudhia, likiwa bado na pete zake za chuma. Kila alipopiga hatua lililia chwi chwi chwi, na bibi akauliza ni mbuzi wa nani huyo aliyefungwa kengele.

Walifanya mazoezi hadi jua likawachosha. Wimbo wa Kimaasai uliwashinda. Walishika neno moja tu, Enkai, yaani Mungu, na wakaliimba kwa sauti ya mchakamchaka wa shuleni.

Jumapili saa nne pikapu ilisimama mbele ya kibanda. Alishuka Mchungaji Habakuki, mzee wa Kisambaa mwenye miwani minene, na Mama Josefina, katibu wa akina mama wa Korogwe. Mchungaji aliangalia mlangoni. Viatu kumi na vinne vilikuwa vimepangwa nje kwa unadhifu mkubwa.

"Miaka thelathini ya uchungaji," alisema polepole, "sijawahi kuona washirika wangu wakivua viatu."

"Nyumbani kwetu tunavua tukienda msikitini," alieleza Muhidini kwa fahari. Nashilu alimkanyaga mguu.

"Unaitwa nani, mwanangu?"

"Lengai," alijibu Muhidini kama alivyofundishwa. Kisha, kwa kuwa alizoea kutaja jina kamili, akaongeza, "Lengai Muhidini Rashidi."

Mama Josefina alijifunika mdomo kwa leso.

"Watu wazima wako wapi?" aliuliza mchungaji.

"Wako kisimani," alisema Nashilu, jasho likimtoka. "Lakini huyu Hiza ni mzee wa kanisa."

"Mzee wa kanisa ana umri gani?"

"Kumi na mitatu, lakini amekomaa."

Mchungaji Habakuki hakucheka. Alinyoosha mkono wake juu ya kichwa cha Hiza. Mtoto yeyote wa Kimaasai angejua la kufanya. Humsalimu mkubwa kwa kuinamisha kichwa, naye mkubwa hukigusa. Hiza aliushika ule mkono hewani, akautikisa kwa nguvu na kusema, "Shikamoo, mchungaji!" Aliyefuata, aliyezoea makofi ya mwalimu wa hesabu, aliuona mkono ukija akakwepa. Wa tatu alikinga viganja akidhani anapewa pipi. Nashilu alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Imbeni," alisema mchungaji.

"Enkai! Enkai! Enkai!" waliitikia, miguu ikipiga chini kwa pamoja, pete za pazia zikilia chwi chwi. Kuku wawili walitoka mbio.

Wimbo ulipoisha, Mchungaji Habakuki alikaa kwenye gogo na kutoa karatasi mfukoni.

"Baba yako aliniandikia kutoka mtoni," alimwambia Nashilu. "Imenifikia jana, nami nilikuwa nimeshatuma yangu. Sikiliza. 'Kibandani hutakuta mtu ila mama yangu na binti yangu Nashilu. Watu wamehama na ng'ombe, nami nimehama nao. Usiponiamini, mwulize binti yangu. Yeye hasemi uongo.'"

Alivua miwani. "Baba yako anasema hakuna mtu. Wewe umenionyesha watu ishirini na wawili, akiwamo mzee wa kanisa mwenye miaka kumi na mitatu. Nikirudi Korogwe niseme nani mwongo?"

Nashilu alianza kulia. Alikuwa amehangaika siku nzima kumwokoa baba yake, kumbe alikuwa anamtia matatani.

"Mwongo ni mimi, babu," alisema. "Hawa ni wa kuazima. Baba amesema kweli. Niliogopa mtamwondoa."

"Na lile pazia?" aliuliza Mama Josefina.

"La mama," alisema Muhidini kwa sauti ndogo. "Hajui."

Hapo mchungaji akacheka hadi akashika ubavu. "Haya, pandeni garini. Nashilu, kaa mbele utuonyeshe njia."

Walipita mashamba ya mkonge hadi mtoni. Huko waliwakuta watu zaidi ya sitini, wazee, akina mama na vijana, wamekaa kwenye nyasi huku ng'ombe wao wakinywa maji. Mchungaji Loserian alikuwa amesimama katikati yao, Biblia mkono mmoja, fimbo mkono wa pili, akihubiri na kumfukuza ndama kwa wakati mmoja. Watoto wa wafugaji waliwakimbilia wageni na kuinamisha vichwa. Mchungaji Habakuki aligusa kimoja kimoja hadi mkono ukamuuma.

"Wazee wetu watanisikia," alisema. "Huyo mwinjilisti wa mjini angekaa kibandani miezi mitatu na kuku wawili. Mtu wa watu hawa ni Loserian. Tulikuwa tumepanga kukuletea mabati, ndugu yangu, lakini naona kanisa lako linatembea."

"Tupeni turubai kubwa na punda wawili wa kulibeba," alisema Loserian. "Tutafika kila mahali."

"Utapata."

Kisha Nashilu alimweleza baba yake yote, bila kuacha hata pete za pazia, akainamisha kichwa na kungoja.

"Mwanangu," alisema baba, "hawa wananisikiliza kwa sababu mimi ni wa kwao, na mtu wa kwao wanamjua hata uvunguni. Wakisikia kwamba nyumbani kwangu tunaazima washirika, hata nikiwaambia jua limechomoza watatoka nje kuhakikisha. Ulitaka kunisaidia. Kunisaidia ni kusema ulivyoona, hata kama ulichokiona ni kibanda kitupu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, baba."

Ndipo akamgusa kichwa. Nyuma yake Nashilu alisikia chwi chwi chwi. Muhidini alikuwa ameshika foleni, kichwa chini, akingoja zamu yake.

"Nawe nikubariki?" aliuliza Loserian.

"Ndiyo, mchungaji," alisema Muhidini. "Jioni narudisha pazia kwa mama."