Goti Si Cherehani

Kila jioni, Nasike alipotoka shuleni, alipitia kwanza Soko la Toi kabla ya kurudi nyumbani mtaa wa Soweto West, Nairobi. Kukhu, yaani nyanya yake, alikuwa fundi wa nguo pale sokoni. Mtu akinunua suruali ya mitumba iliyomzidi urefu, alimpelekea Kukhu Nabalayo, naye akaikunja pindo mteja akisubiri. Nasike alifagia vipande vya vitambaa, akapanga nyuzi, akasimulia habari za shule, nyingine za kweli na nyingine zilizotiwa chumvi kidogo. Waliishi kwa raha. Kasoro ilikuwa moja tu: goti la kulia la Kukhu.

Goti hilo lilikuwa na kiburi. Asubuhi lilikataa kukunjuka mpaka libembelezwe. Kukhu akiinuka kutoka kwenye kigoda chake, lilitoa mlio kama wa mtu anayetafuna njugu. Majirani walisema ni baridi ya Nairobi, naye akalifunga kwa skafu mbili. Halikujali.

Mwishowe walikwenda kliniki. Bwana Muigai, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alilikunja goti na kulikunjua polepole, kisha akalipima paja.

"Shosho, hii haikuletwa na baridi," alisema, akimwita nyanya kwa lugha yake. "Baridi inaweza kulikaza, basi. Kwenye ncha za mifupa ya goti kuna gegedu, kitu laini kinachoizuia mifupa isisuguane. Lako limelika."

Alimwonyesha zoezi. Akae kwenye kiti kirefu, anyooshe mguu, ahesabu hadi tano, aushushe. Mara kumi asubuhi, mara kumi jioni. Nasike alipewa karatasi yenye visanduku, aweke alama kila siku zoezi likifanyika. Wangerudi baada ya wiki nne.

Njiani Kukhu alinung'unika. "Kijana huyu hajui vyuma. Kitu kimelika, halafu anataka nikizungushe mara ishirini kwa siku? Mimi nimetengeneza cherehani yangu mwenyewe miaka thelathini. Chuma kilicholika, kila ukikizungusha kinaisha zaidi. Goti langu nitalitumia kidogo kidogo, linifikishe mbali."

Tangu siku hiyo akawa mchoyo wa hatua. Alishinda kigodani tangu asubuhi hadi jioni, na chochote alichotaka alimtuma Nasike.

Siku tatu za kwanza, visanduku vilibaki vitupu. Kisha Nasike akawaza: itakuwaje Kukhu akigombezwa mbele ya watu kama mwanafunzi asiyefanya kazi ya ziada? Alimwonea huruma sana. Akachukua kalamu, akaweka alama tatu kwa mpigo. Kesho yake akaweka nyingine. Mkono ulizoea upesi.

Wiki nne zilipoisha, Bwana Muigai aliisoma karatasi, akalipima paja la Kukhu, akaisoma karatasi tena.

"Sielewi," alisema. "Zoezi limefanywa kila siku, lakini paja limelegea kuliko mwezi uliopita. Kama mazoezi hayakusaidii, nitakuandikia barua uende hospitali kubwa. Watazame kama goti linahitaji upasuaji."

"Mimi sipasuliwi," Kukhu alisema kwa utulivu. "Nitaacha kazi nirudi kijijini Bungoma. Huyu ataenda kwa shangazi yake Mercyline, Kawangware."

Nasike alimpenda Shangazi Mercyline, lakini kwa kumtembelea Jumapili. Hakutaka kuishi mahali ambapo Kukhu hayupo. Aliziangalia zile alama alizozichora vizuri kwa mkono wake, akaona aibu.

"Daktari, hakufanya," alisema. "Hata siku moja. Hizo alama niliziweka mimi."

Kukhu alimgeukia, mdomo wazi. Bwana Muigai aliiweka karatasi mezani. Hakumfokea Nasike, wala hakumsifu. Alimuuliza Kukhu kwa nini hakufanya zoezi, naye akamweleza habari yote ya vyuma.

"Kwa cherehani uko sawa, shosho," Bwana Muigai alisema. "Chuma hakijiongezi nguvu. Lakini goti si cherehani. Linashikiliwa na misuli ya paja, na misuli ikitumiwa inapata nguvu. Ukiipumzisha mno inalegea, na mzigo wote unaliangukia goti."

"Na ule mlio?"

"Mlio usikutishe. Likivimba au likiuma sana, punguza, kisha uniambie."

"Mbona hukunieleza hivi siku ya kwanza?"

"Hukuniuliza, shosho. Na karatasi iliniambia umenielewa."

Alimshauri aache kigoda akalie kiti kirefu, asimame kila nusu saa, na atembee na mkongojo mkono wa kushoto.

"Mguu mbovu ni wa kulia," Kukhu alimkumbusha.

"Ndiyo sababu. Mkongojo ukiwa upande wa pili, unaupunguzia mguu huo mzigo. Jaribu uone," alisema, akimpa mmoja.

Kukhu alikwenda mpaka mlangoni na kurudi. Hakukubali kwamba ni rahisi zaidi, lakini mkongojo hakuuhamisha.

Sasa zoezi likafanywa kweli. Wiki ya kwanza Kukhu alilalamika kila mara aliponyoosha mguu, na Nasike, aliyekaa kando yake akinyoosha wa kwake, alicheka hadi akapoteza hesabu. Jumapili moja Kukhu alisahau. Nasike alikiacha kisanduku kitupu, ingawa kilimkera.

Miezi miwili baadaye, shule ya Nasike huko Kambi Muru iliita wazazi. Muhula uliopita alikuja Shangazi Mercyline kwa sababu Kukhu hakuweza kupanda mlima unaoelekea shuleni. Nasike alisimama langoni kumsubiri shangazi. Aliyetokea ni Kukhu, jasho usoni, kitambaa kipya kichwani.

"Umekuja kwa miguu?" Nasike aliuliza. Alifurahi hata macho yakalowa.

"Nimepumzika mara tatu. Lakini nimefika."

"Haliumi tena?"

"Linauma. Ugonjwa huu hauondoki, mjukuu wangu. Siku nyingine ni mwema, siku nyingine ni mkorofi. Nimejifunza kuishi nao." Alimshika Nasike bega. "Ulipoweka zile alama ulikuwa unanipenda, najua. Lakini daktari anatibu kile anachoambiwa. Ukimdanganya, anamtibu mtu mwingine ambaye hayupo, na mimi nabaki na maumivu yangu. Siku nyingine ukinionea huruma, sema ukweli."

Nasike aliahidi. Kengele ikalia, wakaelekea darasani pamoja, Kukhu akitangulia.