Asali Hii Umeirina Mzinga wa Nani?

"Asali hii umeirina mzinga wa nani?"

Swali lilitoka kwa Mzee Hosea, mbele ya wazee waliojaa sebuleni kwake pale Mgori. Peniel, aliyekuja kutoa mahari, akajiweka sawa kwenye kiti cha plastiki. Suti ilikuwa mpya, na jasho nalo lilikuwa jipya.

"Wa kwangu, baba."

"Uko wapi?"

"Msituni huku huku. Niliutundika kabla sijasafiri."

"Mti gani?"

"Mtundu."

"Mitundu iko mingi, mwanangu. Upi?"

Nyuma ya pazia la chumba, Damari, binti wa mzee, alikuwa amesimama na shangazi yake Scholastika, kila mmoja ametega sikio. Mchumba haruhusiwi kutoka mpaka aitwe, lakini masikio hakuna aliyeyapiga marufuku.

Ukoo wa Hosea ni wafuga nyuki toka enzi na enzi. Kijana akija kuoa kwao anaweza kupunguziwa ng'ombe, anaweza hata kusamehewa blanketi la bibi, lakini asali haina mjadala. Airine kwa mkono wake mwenyewe, na mbele ya wazee aseme mzinga ni wa nani. Ukiwa wa kuazima, aseme ni wa kuazima, hakuna atakayemcheka. Kinachokataliwa ni kurina mzinga wa mtu bila ruhusa yake. Kwa ukoo ule, mwizi wa kuku hutaniwa mpaka akome. Mwizi wa asali haozwi.

Mzee Hosea akachovya kidole, akalamba. Akalamba tena, akamtazama Peniel usoni.

"Mshenga," akamwambia Laurenti, mjomba wa Peniel aliyekuja kumsemea, "tule kwanza. Maneno hayaozi."

Dumu dogo la asali likaletwa ndani. Damari hakungoja mtu. Ni mwuza asali, kila mwezi hupeleka mzigo dukani kwa Nirmala kule Singida mjini, na ulimi wake unaijua asali ya Mgori hata ukimwamsha usingizini. Akaonja mara moja, akaonja tena.

"Shangazi, onja."

"Tamu."

"Sikuulizi utamu. Hii ni ya maua ya michungwa. Mgori kuna shamba la machungwa?"

"Wewe mtoto, siku ya mahari yako na bado una maswali?"

Tangu utotoni Damari alikuwa na ugonjwa wa "kwa nini", na hakuna mganga aliyeuweza. Alikuwa bado anajilamba midomo simu ilipotetemeka pale dirishani. Ilikuwa simu ya Peniel, aliyoituma ndani asubuhi ichajiwe kwenye sola. Ujumbe ukajitokeza wenyewe kwenye kioo, kwa Kiingereza, kutoka kwa mtu aliyeandikwa SALWA.

*"Peniel, bado nakusubiri. Babu anauliza kila siku. Umeamua?"*

Damari alisoma mara tatu. Alimpenda Peniel, tena kwa moyo wote. Miaka mitatu alimngoja akiwa ng'ambo, akakataa mwalimu, akakataa na dereva wa halmashauri. Sasa akakaa kitandani.

"Shangazi, niitie Peniel. Aje stoo ya mizinga."

"Haiwezekani! Mila hairuhusu kumuona kabla ya—"

"Basi natoka mwenyewe nipite katikati ya wazee."

Shangazi akaenda mbio.

Stoo ilikuwa nyuma ya nyumba, imejaa mizinga mitupu na harufu ya nta. Peniel aliingia akitabasamu, akaona simu yake mkononi mwa Damari, tabasamu likaisha.

"Salwa ni nani?"

"Dami, si unavyodhani."

"Sijadhani bado. Nauliza."

"Ni mtu wa kule."

"Ana mimba yako?"

"Hapana! Haki ya Mungu, hata mkono hatujawahi kushikana. Kuna waya kati yetu."

"Waya gani?"

Peniel akakaa juu ya mzinga. Karatasi aliyosaini kazini ilimkataza kuitaja nchi aliyofanyia kazi, nasi tuiite nchi ile tu, isije ikamwongezea balaa. Ilikuwa mikononi mwa wenyeji mpaka jeshi la jirani lilipoivamia, kabla Peniel hajazaliwa, na jeshi halijatoka mpaka leo. Nyumbani alikuwa amesema analinda shamba la matunda, basi. Kwao Sepuka, mama yake alikuwa ameezeka bati jipya kwa kazi hiyo, na hakuna aliyeuliza zaidi.

"Shamba ni la nani?" Damari akauliza.

"La kampuni."

"Kampuni ililinunua kwa nani?"

"Jeshi liliizungushia ardhi waya, likasema ni ya usalama. Baadaye likaikodisha kwa kampuni."

"Na waliokuwa wanalima?"

"Wengine wako kambini. Wengine wanakuja kuchuma."

"Kuchuma nini?"

"Machungwa yao. Wanapewa kibali cha siku moja. Jioni wanapekuliwa mifuko wasitoke na hata chungwa."

"Nani anawapekua?"

Peniel akatazama viatu vyake. "Mimi."

Udadisi wa Damari ukakataa kukaa chini. "Kwa nini wamtoe mtu Sepuka akalinde huko? Wao hawana vijana?"

"Mgeni haelewi lugha ya wale watu. Akitukanwa hajui, akiombwa hajui. Meneja alituambia hivyo waziwazi, akacheka. Halafu matunda yakitoka langoni kwangu yanabandikwa stika ya nchi ya wenye jeshi, kama vile yameota huko. Yanauzwa Ulaya. Na kampuni ndiyo inayowapikia wanajeshi chakula na kuwajengea barabara. Yaani mmoja anamshikia mwenzake ng'ombe, mwenzake anakamua."

"Na asali?"

"Dami..."

"Asali, Peniel."

Akaanza, akasita, akaanza tena. Ndani ya waya kulikuwa na ukuta wa zamani, umepangwa mizinga ya udongo, nyuki wanaingia na kutoka. Aliwaza miaka mitatu hajatundika mzinga, na mahari iko karibu. Meneja alimwambia vyote vilivyomo ndani ya waya havina mwenyewe.

"Mzinga hauna mwenyewe?" Sauti ya Damari ikapanda. "Nani aliupanga pale, upepo? Baba alikufundisha kurina miaka miwili. Hukuangalia chapa?"

"Niliiangalia."

"Ilikuwepo?"

"Ilikuwepo. Vidole vitatu, vimekandamizwa kwenye udongo kabla haujakauka. Kila mzinga."

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua zaidi ya hapo." Machozi yalimtoka Peniel sasa, na hakuyafuta. "Mwenyewe alikuja kwenye waya. Mzee, na mjukuu wake wa kumtafsiria, ndiye Salwa. Aliomba aingie asubuhi moja tu akawaangalie nyuki wake. Amri ni kwamba mtu akikaribia waya tuite wanajeshi kwa redio. Nikaita. Wakamfunga siku nne. Siku ya tatu ndiyo nikarina."

Damari alimpiga kofi. Halafu, kwa jinsi moyo ulivyo kichaa, akataka kumfuta machozi. Hakumfuta.

"Sasa Salwa anataka nini?"

"Alirudi kwenye waya, nikajua kaja kunilaani. Akanipa namba. Wana mawakili, wamefungua kesi huko matunda yanakouzwa. Wanahitaji mtu aliyekuwa ndani, aseme alichokiona langoni. Mwanzoni nilimjibu nitafikiria. Toka hapo simjibu."

"Kwa nini?"

"Jumatatu nasafiri kurudi, nimepandishwa kuwa msimamizi wa zamu. Nikisema, kazi imekwisha, na kampuni yoyote ya ulinzi haitanigusa tena. Nitakuoa na nini? Nitakulisha nini?"

"Mpigie."

"Sasa hivi?"

"Nataka kuwasikia. Mimi nauza asali, sijawahi kumsikia mtu ambaye asali yake imeibiwa nami nikaila."

Simu iliita mara mbili. Damari ndiye aliyeshika, maana Kiingereza cha kidato cha sita kilikuwa bado hakijamtoka, nami nawapeni maneno yao kwa Kiswahili.

"Peniel?" sauti ya msichana.

"Naitwa Damari. Peniel ndiye anayetaka kunioa. Yuko hapa."

"Anakubali kusema?"

"Sijui bado. Kwanza kuna jambo lingine. Ile mizinga ya babu yako, yeye ndiye aliyeirina. Asali iko hapa kwetu. Ilikuja kama mahari."

Upande wa pili yakasikika maneno ya haraka kwa lugha yao, na sauti ya mzee ikijibu polepole.

"Babu anauliza," Salwa akasema, "aliwabakizia nyuki masega? Huku ni baridi sasa, hawana maua. Aliwaachia chakula?"

Damari akamtafsiria Peniel. Peniel akatikisa kichwa.

"Sema kwa mdomo," Damari akamwambia. "Mzee hakuoni."

"Hapana," Peniel akasema. "Nilitaka dumu lijae. Nilikata yote."

Salwa alipotafsiri, mzee hakupiga kelele. Akasema maneno machache.

"Anasema basi wamekufa." Salwa akamsikiliza babu tena. "Na anauliza hiyo asali ni tamu? Mwaka huu michungwa ilichanua mapema, na hakuwahi kuionja."

Hapo Damari alilia. Alilia waziwazi, mkono mdomoni, mpaka shangazi aliyekuwa anachungulia mlangoni naye akaanza bila kujua analilia nini.

"Ni tamu sana," akasema. "Mwambie babu shikamoo."

"Hiyo ni nini?"

"Ni salamu ya mkubwa. Mwambie hivyo hivyo."

Salwa akamwambia hivyo hivyo. Mzee akajibu, na safari hii ilikuwa sentensi ndefu.

"Anasema ameipokea salamu yako. Hajamsamehe mchumba wako, naye asitegemee. Lakini aseme alichokiona."

Simu ilipokatika, Peniel alisimama kama mtu aliyetoka kuugua. "Dami, nikisema, utanisamehe?"

"Umemsikia mwenye haki ya kusamehe. Mimi nakupenda, hilo unalijua, na leo linaniuma. Ila mtu wa kupanda Jumatatu kwenda kusimamia ile zamu siolewi naye. Nitalia mwaka mzima, nitapona."

Aliposema hayo, Mzee Hosea alikuwa amesimama mlangoni nyuma ya shangazi. Hakuna ajuaye alikuwa amefika saa ngapi. Akasema tu, "Chakula kimekwisha. Mje sebuleni."

Mbele ya wazee Peniel aliyatoa yote, toka waya mpaka dumu. Laurenti, mshenga, alijaribu kuokoa jahazi.

"Wazee, kijana amekosa. Lakini kweli tuvunje posa kwa ajili ya mzee wa nchi ambayo hata hatuijui?"

"Mimi namjua," Mzee Hosea akajibu. "Mtu aliyetoka kufungwa akauliza kwanza hali ya nyuki, namjua vizuri sana." Akalisogeza dumu mbele ya Peniel. "Asali hii siipokei. Na wewe, unasemaje?"

"Nasema nitasema, baba."

"Lini?"

Peniel akamgeukia Damari. "Nishikie simu. Weka kurekodi."

Damari akaishika mbele ya uso wa Peniel. Wazee wakasogeza viti karibu.

"Naitwa Peniel, mtu wa Sepuka," akaanza. "Miaka mitatu nimekuwa mlinzi wa lango la pili. Nitaeleza malori, stika, na watu niliowapekua. Nitaanza na mzee mmoja niliyemkamatisha."

Aliongea mpaka kivuli cha nyumba kikafika kwenye zizi. Alitaja nchi. Alitaja na kampuni, jina lake zima. Alipokwama, Damari aliuliza: saa ngapi? rangi gani? nani alitoa amri? Kumbe ule ugonjwa wake ulikuwa na kazi. Kisha akamtumia Salwa rekodi ile. Tiki mbili zikatokea, zikageuka bluu, na jibu likaja.

*"Tumeipata. Mawakili watakupigia kesho. Kwako, Damari: babu anajifunza kutamka shikamoo."*

Laurenti akashika kichwa. "Kazi ndiyo imekwenda hiyo."

"Imekwenda," Peniel akasema. Aliogopa, na ilionekana.

Mzee Hosea akakohoa. Kwa mila yao, mahari haipokelewi wala hairudishwi kabla binti hajaulizwa mbele ya watu wote.

"Damari, simama. Huyu kijana unamfahamu?"

Shangazi Scholastika alishika pindo la khanga yake. Damari alimtazama Peniel, suti imekunjamana, macho mekundu, tayari hana kazi na wala hana asali.

"Asubuhi, baba, nilikuwa simfahamu," akasema. "Sasa namfahamu."

"Tupokee?"

"Ng'ombe mpokee. Asali ataleta akiwa na mzinga wake, hata ikiwa mwakani."

"Na wewe?"

"Mimi nitamngoja. Miaka mitatu nilimngoja muongo, mwaka mmoja wa mkweli utanishinda?"

Shangazi akapiga kigelegele kabla mtu yeyote hajampa ruhusa.