Nafasi ya Jina

Turkiya alimjua Nadhir mjini Bidbid, kwenye mgahawa wa njia panda, magari ya Nizwa na ya Ibra yakipigiana honi. Alikuwa na baba yake, abaya limejaa vumbi, hoi kwa wiki nzima ya kusomesha. Meza zimejaa. Kijana mmoja, kanzu nyeupe pe, akawapisha na kumwambia baba shikamoo. Baba, Mzee Marhun, kusikia Kiswahili, hakumwachia tena.

Nadhir alikuwa mwalimu Nizwa, ametoka Amerika kusomea majarida ya mwanzo ya fasihi ya huko. Akaeleza kuwa Waamerika walikwishajitawala, lakini majarida yao yalijaa maandishi ya kunakili London, mpaka wenyewe wakaanza kuulizana, yetu yako wapi? Mengi hayakumaliza mwaka, ila humo ndimo taifa lilimojifunza kujiandika.

Basi naye akaanzisha jarida lake. Wakati huo wamekwisha kupendana, akamwomba Turkiya hadithi, na kila Alhamisi akampigia simu: mpenzi, hadithi iko wapi? Turkiya, mgongo unamuuma, akaandika kwa Kiarabu alichojifunza ukubwani, habari za bibi yake aliyerudi Ibra kutoka Unguja akachekwa kwa lafudhi yake.

Toleo likatoka. Hadithi haimo. Kurasa zote zimenakiliwa Cairo na Beirut. Turkiya alilia, kisha akachoka hata kulia. Simu ikilia, haendi. Siku alipoipokea, alisema moja kwa moja.

"Miaka yote umewasoma walionakili London, ukaja Nizwa kunakili Cairo."

 Nadhir akakiri: aliogopa watu waseme hili jarida la Wazanzibari.

"Na mimi ukinioa utanificha hivyo hivyo?"

Turkiya akakata simu.

Baada ya mwezi gari la Nadhir likasimama mlangoni Ibra. Amekonda, kanzu imekunjamana. Akampa Mzee Marhun toleo la pili, bado halijachapwa. Ukurasa wa kwanza ni hadithi ya bibi, na chini yake patupu.

"Nimeacha nafasi ya jina lake, mzee. Silitii bila ya idhini yako."

Mzee Marhun akamtazama. "Umetoka Nizwa kuomba jina tu?"

"Na mwenyewe, ukiridhia."

Turkiya alikuwa nyuma ya pazia na kahawa. Alimpenda, na alikuwa amechoka kusubiri.

"Baba, mwambie aliandike kamili, langu na lako na la babu. Akishalichapa, likasomwa Nizwa nzima, ndipo aje kuposa."

Akaingia, akawamiminia kahawa.